Hema Lililosimamishwa Kabla ya Msiba

Sogeeni, wanangu, sauti yangu haifiki mbali tena. Burmakan, niwekee mto mgongoni, si huo, ule mgumu wa mama yenu, kisha ufungue dirisha la uani. Najua kuna baridi. Mtu anayekufa haogopi mafua. Zarlyk, wewe keti kwenye kigoda upande wa jicho lako zima ili unione, na wewe Ulan keti hapo miguuni pangu, na kama hamtaki kutazamana basi nitazameni mimi, maana sina siku nyingi za kutazamwa. Daktari wa mjini Naryn aliwanong'oneza barazani mkadhani sisikii. Kilichokufa ni miguu, masikio bado ni yangu.

Nyumba hii ni ya Ulan. Hilo halina mjadala. Kitinda mimba ndiye anayebaki na moto wa wazazi, ndivyo nilivyoipata mimi na ndivyo alivyoipata baba yangu. Zarlyk, wewe nilikukatia fungu lako ulipooa, nyumba ya bondeni na farasi majike wenye watoto, ukapokea kwa mikono miwili mbele ya wazee, kwa hiyo usije ukaanza kukohoakohoa mbele ya shehe. Farasi wangu mwekundu ni wa Burmakan. Ndiyo, wa Burmakan, msinikodolee macho. Yeye ndiye aliyenigeuza kitandani huku ninyi mkipokezana kuja, mmoja akingoja mwenzake atoke getini ndipo aingie. Mumewe akitaka kumpanda farasi huyo na aombe ruhusa.

Ule ugomvi wangu na jirani yetu Asankul kuhusu mfereji nauacha hapa hapa. Mwacheni anyweshe yeye kwanza, shamba lake liko mchangani na hukauka mapema. Lakini msimwambie kwamba nilisema hivyo mpaka mmenizika, atajidai huyo hadi mkome.

Sasa lipo hema. Hema la sufu nililorithi kwa baba, ambalo nusu ya kijiji hiki imelazwa humo kabla ya kwenda makaburini, na nusu nyingine imeolea humo. Nimelifikiria sana hema hilo. Tunduku, lile duara la juu la paa, pamoja na fito zake zote, nampa Zarlyk. Kuta na sufu nampa Ulan. Kanda za kufungia ni za Burmakan, kwa kuwa alizisuka na mama yake. Sasa mnanielewa. Hakuna mmoja wenu atakayeweza kulisimamisha bila mwenzake, na mkitaka kuligawana vipande mkatengenezee mabanda ya kuku, mtanikuta huko niendako niwaulize.

Ulan, usitazame sakafu. Nilikusikia juzi mlangoni ukimwambia dada yako: "Akisimama yeye mlangoni pa hema, mimi sisimami." Na Zarlyk, wewe ulivaa kofia yako ukaondoka, na kwako hilo ni jibu. Basi nawauliza mbele ya dada yenu. Nikishakata roho mtanilaza kwenye hema uani, wanawake wataketi ndani waniimbie, na kwetu watoto wa kiume husimama nje kwa mshipi kiunoni na fimbo mkononi, wakimlilia baba yao kwa sauti ili kila anayekuja na farasi awasikie kutoka mbali. Mimi nina wana wawili. Nilale ndani ya hema nisikie sauti moja? Wageni waulize, huyu Toktosun si alikuwa na wawili, mwingine alikufa? Hicho ndicho kinachoninyima usingizi, si kifo. Kifo nimekizoea, nimekula chumvi nyingi.

Mnagombana kwa ajili ya marais. Mkanushe mkitaka, lakini ndivyo ilivyo. Basi leo nitawahukumu hao marais mimi mwenyewe, nimewaona wote, tena nimemwona na aliyekuwapo kabla yao, na sitawapima kwa barabara wala kwa hotuba. Nitawapima kwa hema hili. Nitawaambia nani alikuja kulisimamisha, enzi ya nani, na mtu alikuwa anakula nini siku hiyo.

Baba yangu alikufa wakati wa Wasovieti, wakati kondoo wa shamba la ushirika walipokuwa wakishuka kutoka malisho ya Song-Kol na vumbi lao likiziba jua. Mwenyekiti alitoa lori, akatoa na brigedi nzima, hema likasimama kabla chai haijachemka, maana amri ilikuwa amri. Kila nyumba ilikuwa na unga, zahanati ilikuwa na muuguzi, na wewe Zarlyk ulikuwa mgongoni kwa mama yako umevaa viatu vipya. Siwezi kusema uongo, tulishiba. Lakini dua ya baba ilisomwa kwa kunong'ona kama watu wanaoiba, kwa kuwa chama kilikataza dini, na katibu wa chama, mtu aliyelelewa na baba kwa maziwa ya farasi wake, alisimama ng'ambo ya kijito kofia mkononi mpaka tukamaliza, akawa analia peke yake huko, na hakuvuka. Mikono ilikuwa mingi siku hiyo. Midomo ndiyo iliyofungwa, na nilipomtazama yule mtu ng'ambo ya maji moyo uliniuma kuliko kufiwa kwenyewe.

Kisha dola ile kubwa ikavunjika, akaja rais wetu wa kwanza, yule msomi mpole. Huyo namshukuru kwa jambo moja na namlaumu kwa jambo moja. Alitufungua midomo. Ami yenu Jumaly alipokufa, shehe alisoma kwa sauti iliyofika mlimani, na yule katibu wa zamani alikuwa safu ya mbele, hata Kurani alikuwa amejifunza, sijui usiku gani. Lakini nani alisimamisha hema? Wazee na wanawake. Kondoo walikuwa wamegawiwa kila nyumba, tukashangilia, na kabla ya majira ya pili ya baridi wengi walikuwa wameliwa ama wamebadilishwa kwa unga na majani ya chai. Matrekta yalikatwakatwa yakauzwa kama chuma chakavu. Walimu wakaenda sokoni kuuza soksi, vijana wakaenda Urusi kufagia theluji ya watu wengine. Mimi ndiye niliyeushika mti wa panda unaoinua tunduku, na mgongo wangu haujanisamehe hadi leo.

Ndiyo miaka aliyokuja mtu wa mjini akitaka kulinunua tunduku letu alitundike ukutani mkahawani kwake. Lile lile duara lililochorwa kwenye bendera ya nchi, akalitundike juu ya wanywa bia! Nikamfukuza. Mama yenu akaniuliza, "Tutazichemsha fito tunywe mchuzi wake?" Hakusema nami wiki nzima. Kisha akaondoka asubuhi bila kuaga, akarudi na gunia la unga begani, na masikio yake hayakuwa na herini zake za fedha. Hakulitaja jambo hilo tena mpaka alipokufa. Kwa hiyo mnaporithi hema hili, mjue mnarithi na herini za Sonun.

Huyo wa kwanza alikaa sana. Ikasemwa jamaa zake wanakula, sikuwaona mimi, niliona tu kwamba kila tulipokwenda mjini tuliambiwa mlango huu ni wa fulani na ule ni wa mkwewe fulani. Watu wakainuka majira ya kuchipua, naye akaondoka kwa ndege asirudi kukaa. Akaja wa pili. Sauti yake ilikuwa nzito, maneno yake makali, nami nikasema, afadhali, huyu ana mifupa. Hata wewe Ulan ulimpigia kura, usijifanye umesahau. Kisha yakaja majira ya baridi yale ya giza, umeme saa chache tu kwa siku, na humo ndimo mama yenu alimofia. Hema lake tulilisimamisha alasiri ya mawingu, kwenye theluji, tukimulikwa na taa za trekta la Asankul, na vidole viligandia kwenye kamba. Zarlyk aliinua tunduku. Ulan alichomeka fito. Mlikuwa mnasemeshana wakati huo, mlikuwa hata mnataniana kwa machozi, mmoja akimwambia mwenzake, shika vizuri, mama anatutazama. Nilipowaona nilisema moyoni, huyu Sonun ameondoka lakini hakuniacha mtupu.

Baridi iliyofuata ilipoisha, ikaja ile siku ya Aprili. Bei ya umeme imepanda, watu wamejaa uwanjani mbele ya ikulu kule Bishkek, mji mkuu, na wanangu wawili wapo wote, mmoja ndani ya uzio amevaa sare, mmoja nje ya uzio ameshika bendera. Mimi nilikuwa hapa nakamua farasi. Sikuwapo, na siulizi nani alifyatua nini. Zarlyk aliniapia kwamba alielekeza bunduki juu, nami naamini. Ulan aliniapia kwamba jiwe lililompofua kaka yake halikutoka mkononi mwake, na hilo pia naamini. Maksat, rafiki yako Ulan, aliyekula mezani pangu tangu hajaota ndevu, alipigwa risasi pembeni yako, nami nilimlilia kama niliyemzaa. Jicho la Zarlyk nalo nalililia. Nimebeba vyote viwili tangu siku ile, na hakuna aliyenisaidia kubeba, kwa sababu kila mmoja wenu anataka nibebe kimoja tu.

Rais wa pili naye akaondoka. Ikafuata serikali ya yule mwanamke. Wakati wake kusini kuliwaka moto, majirani wakauana, na hilo halitafutika. Lakini siku aliyosema atatoka, alitoka. Akakiachia kiti kwa mikono yake. Mimi nilikaa mbele ya redio nikimwambia Burmakan, ngoja, atapata kisingizio. Hakupata. Nilikuwa mzee tayari, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia mtawala wetu akiinuka kitini bila kuinuliwa. Baada yake mmoja akamaliza muhula wake akamkabidhi mwenzake, tukapiga makofi, tukasema sasa tumekuwa watu, kumbe waliokabidhiana wakageukana, aliyetoa akaishia gerezani, na aliyepokea naye hakumaliza, uchaguzi ukaleta vurugu akajiuzulu. Huyu wa sasa simsemi. Yeye bado yuko njiani, nami naondoka.

Hiyo ndiyo hukumu yangu. Wa zamani alitupa mkate akatunyima sauti, wa kwanza akatupa sauti mkate ukapotea, wa pili akaahidi vyote viwili akatuachia makaburi, mwanamke akatuonyesha namna ya kuachia, na waliofuata wakaitazama wakaisahau. Sijui nani bora, nyinyi mliosoma mtaandika. Ninachojua ni kwamba nilipohesabu watu wa kulisimamisha hema la msiba wa Asankul mdogo, si huyu wa mfereji, mwaka jana, nilipata mzee mmoja, wasichana, na mwalimu wa michezo. Vijana wetu wako Moscow, na waliobaki hawasalimiani kwa sababu ya watu ambao hawajawahi kukanyaga kizingiti hiki. Nani kati ya marais hao atakuja kuninyanyua anipeleke kaburini? Mtajeni, nimngoje.

Haya.

Sasa nawaagiza. Hema liko ghalani, kavu, nilimwambia Burmakan alitoe kwenye magunia asubuhi. Tokeni mkalisimamishe. Leo. Sasa hivi, ningali napumua. Najua ni mkosi, Zarlyk, usinifundishe mila, mimi ndiye niliyekufundisha wewe. Hema la msiba halisimamishwi kwa mtu aliye hai, najua, hakuna aliyewahi kufanya hivyo katika bonde hili. Lakini nikingoja nife ndipo nijue kama mmesimama wawili, nitajulia wapi? Nendeni. Ulan, nenda. Sikuombi umsamehe. Nakuomba fito.

Burmakan, wewe baki. Nigeuze kidogo. Hapo.

Wametoka? Nani yuko mbele? Usinifiche, hata kama mmoja ameelekea getini niambie. ... Ulan anafunga mshipi. Vizuri. Maji. Kidogo tu, midomo.

Na kuhusu chakula. Mchinje farasi mmoja, yule jike mzee asiyezaa, basi. Msimalize zizi kwa ajili ya macho ya watu, nimeona nyumba zikilala njaa baada ya kulisha kijiji siku tatu ili zisisemwe. Mtasemwa, semweni. Watu wapewe chai, maandazi na mchuzi, na atakayetaka pombe aende akafiwe kwake. Kofia yangu nyeupe mpe yule katibu wa zamani, kichwa chake na changu ni saizi moja, na umwambie kwamba ile siku ya kijito nilimwona alipolia, wala sikuwahi kumkasirikia.

Kuta zimesimama? Nasikia mbao. Wanafunga mlango. Wanafanya kazi kama mabubu.

Nini hiyo? Ni nani anapiga yowe njiani?

Ee Mungu. Wameona hema. Wameona hema uani kwangu, hakuna arusi, na wamejua mimi ni mgonjwa, sasa wanakuja kulia. Sikiliza, huyo ni Asankul. "Ewe simba wangu, ndugu yangu wa pekee, umeniacha na nani!" Hebu msikie. Tangu mfereji ule hajanisalimu hata kwa kichwa, leo ndugu wa pekee. Usicheke, Burmakan, utanichekesha na mbavu zinauma. Usimnyamazishe. Mwache alie, nani mwingine amewahi kupata bahati ya kusikia? ... Analia kwa kweli, yule mzee. Mwambie niko hai. La, mwambie aingie aone mwenyewe, aje anishike mkono.

Wanasemaje huko nje? Wanasema lishushwe? Kwa sababu sijafa, wanasema lishushwe upesi kabla mkosi haujaingia. Ngoja. Wanangu wanasemaje?

Zarlyk ameinua tunduku. Namwona kutoka hapa, mti wa panda begani. Hawezi kuona tundu za fito zilipo, jicho moja halimwambii umbali, ataliyumbisha duara lote limwangukie. Ulan amesimama na ufito mkononi. Anangoja nini? Mwanangu, unangoja nini? Kaka yako haoni. Sema kitu.

Umesikia, Burmakan? Nimesikia vibaya au... Rudia. Niambie kama alivyosema.

"Kaka, kushoto kidogo."

Kaka. Amesema kaka.

Na mwingine amejibu? Amesogea. Amesogea kushoto, nimeona. Ufito umeingia. Wa pili. Usinifute, ni machozi tu, yaache.

Asankul, keti, ndugu yangu. Huu ndio mkono wangu, bado una joto, shika. Usiseme kitu.

Fungueni viganja mlio humu. Vyangu nifungulie wewe, Burmakan, havinyanyuki. Mungu awape maziwa na watu wa kuyanywa. Mlango wenu usifungwe kwa mgeni, wala ndugu asiitwe mgeni. Watakaokaa kwenye kiti kule Bishkek wapewe akili ya kuinuka, na nyinyi mpewe akili ya kutochinjana kwa ajili yao. Wana wa wanangu warudi kutoka Urusi... warudi wakiwa na migongo mizima. Mwisho wenu uwe mbali. Amina. Nipitishie mikono usoni... hivyo.

Sioni vizuri. Limekwisha? Duara limekaa sawa?

Basi waambie wazee wasilishushe. Binti yangu... waambie wanangu wachukue fimbo. Wasimame mlangoni, wote wawili.

Waambie wasilishushe. Nakuja.